Watengeneza maudhui tumewalipa, watazamaji wamejaa, mbona Google bado hatuonekani?

#1 Fundi Begi (mleta mada)
Wakuu, habari. Naomba mawazo, na kejeli kidogo nitazipokea.

Nasimamia masoko ya chapa ndogo ya mabegi ya kompyuta. Miezi minne iliyopita tuliacha kulipia matangazo ya Google, fungu lile lile tukaligawa kwa watengeneza maudhui tisa: watano wa video fupi, watatu wa YouTube, mmoja mwenye blogu. Hoja niliyompelekea bosi ilikuwa kwamba tukitajwa huku na kule Google itatuona, tutapanda kwenye matokeo ya bure. Video zimetazamwa sana, watu wanauliza rangi, wanauliza zipu. Lakini ukitafuta "begi la kompyuta lisilopitisha maji" hatupo ukurasa wa kwanza, wa pili, wala wa tano.

Jana bosi kaniuliza swali moja tu: hao watu tisa wametusaidia nini? Nikakohoa.

Je, kutumia watengeneza maudhui kwa ajili ya SEO (kupanda kwenye matokeo ya bure ya utafutaji) ni jambo la kweli, au niliuziwa mbuzi kwenye gunia?

#2 Kiti cha Nyuma
Nimekaa pembeni nasubiri wajuzi.

#3 Mzee wa Linki
Tatizo lako ni linki. Google imesimama juu ya linki tangu 1998. PageRank ya Larry Page na Sergey Brin ilichukulia linki kama kura: ukurasa ukiuelekea mwingine, umeupigia kura, na kura ya mkubwa ina uzito zaidi. Sasa video fupi ina linki gani? Ile ya kwenye wasifu ataibadilisha siku akipata mteja mwingine. Maelezo ya chini ya video za YouTube yana linki, lakini zina nofollow, alama ya kuiambia Google isiihesabu linki kama kura. Kwa hiyo kati ya watu wako tisa, mwenye kura mkononi ni mmoja, yule wa blogu.

Achana na wanane. Tafuta wanablogu wengine, walipe, waweke linki safi isiyo na alama yoyote. Kazi imekwisha.

#4 Dada Takwimu
#3 umeanza vizuri, mwisho umempeleka mwenzako shimoni. Linki iliyolipiwa ikiachwa bila alama inavunja kanuni za Google za spamu. Na "kulipia" si pesa tu, hata kumpa mtu begi la bure kwa sharti la kuweka linki kumo. Machi 2016 walitoa mwongozo mahususi kwa wanablogu wanaopokea bidhaa za bure. Linki ya namna hiyo huwekewa alama ya kulipiwa, rel="sponsored", iliyokuja Septemba 2019, au ile nofollow ya zamani.

#5 Mzee wa Linki
Hizo ni sheria za kwenye karatasi, dada. Tangu nofollow ianze 2012 sijaona mkubwa akiguswa. Wanaopigwa ni akina sisi.

#6 Kumbukumbu
Mzee, mambo mawili umeyachanganya. Nofollow ilianza Januari 2005, kupambana na spamu kwenye sehemu za maoni za blogu. Unayoikumbuka ya 2012 ni Penguin, sasisho la Google dhidi ya linki za ujanja, mwezi Aprili.

Kuhusu wakubwa: Januari 2012 Google walijiadhibu wenyewe. Kampeni ya kutangaza Chrome iliwalipa wanablogu, na kwenye mojawapo ya makala ikakutwa linki isiyo na nofollow kwenda ukurasa wa Chrome. Timu yao ya kupambana na spamu ikaushusha ukurasa huo kwa siku zisizopungua 60. Mwaka uliofuata, Februari 2013, Interflora ya Uingereza, wauza maua, ilipotea kwenye matokeo kwa siku kadhaa, hata ukiitafuta kwa jina lake. Magazeti yalikuwa yamebeba makala zao za kulipia zenye linki.

#7 Kiti cha Nyuma
Yaani mwenye nyumba kajifungia geti na funguo kazishika mwenyewe? Uzi umeanza kunoga.

#8 Bi Kamera
Mimi niko upande wa pili, natengeneza video YouTube, huu mwaka wa sita. Mnazungumza linki kana kwamba sisi ni nguzo za kubandikia mabango. Ngoja niwaambie yanayotukuta.

Chapa inaniletea maelekezo ya kazi yenye maneno 12 ya utafutaji, kila moja nilitamke mara tatu. "Begi bora la kompyuta, begi bora la kompyuta kwa wanafunzi, begi bora la kompyuta la mgongoni." Nikitii, sekunde ya 20 mtazamaji kaondoka, na YouTube imeona kaondoka. Nikikataa, naambiwa sijui SEO.

Video yangu ya kulipiwa iliyodumu kuliko zote ilitoka kwa kampuni ambayo haikuleta neno hata moja. Walinitumia maswali wanayoulizwa na wateja wao kila siku, yamenakiliwa kama yalivyo, na makosa yake ya tahajia. Mojawapo lilikuwa kama kompyuta ya inchi 16 inaingia ikiwa ndani ya kava lake, na chaja inakaa wapi. Nikachukua futi, nikapima mbele ya kamera, nikaingiza, zipu ikagoma kidogo kwenye kona, nikaiacha hivyo hivyo kwenye video. Haikulipuka. Wiki ya kwanza niliona hata aibu kuwatumia ripoti. Ila huu mwaka wa tatu, kila siku watu wanaikuta kwa kutafuta, na bado wananiuliza ile kona ya zipu.

Fundi Begi, wewe uliwapa nini hao tisa?

#9 Fundi Begi
Bi Kamera umenichoma. Niliwapa maneno. Hayakufika 12, yalikuwa nane.

Kuna jambo jingine sikulisema mwanzo. Jina la chapa yetu ni neno la kawaida kabisa la kila siku. Sitalitaja, msije mkasema natangaza. Chukulieni tunaitwa "Mlango".

#10 Ndege Mtulivu
Nimetafuta "Mlango" Google. Nimepata milango.

#11 Kiti cha Nyuma
😂😂 Mwenye bawaba na kitasa anauliza mbona hapigiwi hodi.

#12 Kisima Kirefu
Mnacheka lakini huenda hapa ndipo penye ugonjwa. Mtazamaji anaona video, begi limempendeza, baadaye anakwenda kutafuta "Mlango". Google inajuaje kwamba anataka begi na si mbao? Kwa jina la kubuni, kutajwa mara chache kunatosha kulifanya lijulikane, maana halina mpinzani. Kwa jina la kawaida unashindana na kamusi nzima. Wanaokutaja wanatakiwa walitamke na kuliandika pamoja na kazi yake kila mara: "mabegi ya Mlango", sio "nimeletewa Mlango".

Halafu nenda kaangalie manukuu ya YouTube yanayojiandika yenyewe. Mashine inaandika ilichosikia. Niliwahi kusimamia chapa ambayo kwenye video nne jina lake liliandikwa kwa namna nne. Mtengeneza video anaweza kupakia faili lake la manukuu lililosahihishwa, ni kazi ya muda mfupi, lakini hakuna anayeikumbuka mpaka uiandike kwenye mkataba.

#13 Mzee wa Linki
Kumbukumbu, nimekubali ya 2005. Ila msimamo wangu uko pale pale: linki ya nofollow haina thamani hata ya punje.

#14 Dada Takwimu
Nayo ilibadilika Septemba 2019. Zamani Google walisema hawaihesabu, tangu hapo wanaichukulia kama dokezo, yaani wanaweza kuiangalia au kuipuuza. Ni lini wanaiangalia, hawasemi. Kwa hiyo "haina hata punje" huwezi kulithibitisha, na mimi siwezi kuthibitisha kwamba inayo.

#15 Msimamo Mkali
Mnazunguka mbuyu bure. Jamaa kasema waliacha kulipia matangazo. Google wamemkomoa. Ukiwakatia hela wanakuficha. Mimi yamenikuta.

#16 Kumbukumbu
Google wanasema kulipia au kutolipia matangazo hakugusi matokeo ya bure.

#17 Msimamo Mkali
Na wewe ungekuwa wao ungesema nini?

#18 Dada Takwimu
Kabla hamjashikana mashati, hilo la matangazo lina jambo muhimu zaidi ya kukomoana. Fundi Begi, mlipokuwa mnalipia, je, mlilipia na jina lenu wenyewe? Kama ndiyo, mtu aliyetafuta "mabegi ya Mlango" alibofya tangazo lililokuwa juu. Mmeliondoa, sasa anabofya matokeo ya bure yaliyo chini yake. Ukifungua Search Console, zana ya Google inayoonyesha tovuti yako ilivyoonekana na kubofywa, utaona mibofyo ya jina imepanda, utamkimbilia bosi na kusema watengeneza maudhui wameleta watu. Kumbe ni watu wale wale wamebadilisha mlango wa kuingilia (samahani kwa neno).

Angalia utafutaji wenyewe, yaani mara ulizoonekana, kwa maswali yenye jina lenu peke yake, na yasiyo na jina peke yake. Search Console inahifadhi miezi 16, kwa hiyo linganisha na miezi hii hii ya mwaka jana. Na usishangae jumla zisipokubaliana, maswali yanayoulizwa na watu wachache mno hufichwa kwa ajili ya faragha.

#19 Ndege Mtulivu
Mimi natumia Google Trends, ile ya kuona neno linatafutwa kwa kiasi gani. Jina letu lilifika 100 mwezi uliopita, maana yake watu 100.

#20 Dada Takwimu
Hapana ndugu yangu. 100 ni kilele cha neno hilo kwa kipindi na eneo ulilochagua, mengine yote yanapimwa kwa kulinganishwa nacho. Inaweza kuwa watu laki, inaweza kuwa wachache tu.

#21 Ndege Mtulivu
Basi ile keki ya kusherehekea watu 100 tulikula bure.

#22 Msoma Ramani
Nimesoma yote. Mbona hakuna aliyeuliza kama tovuti yao ina ukurasa unaozungumzia maji? Fundi Begi, kwenye tovuti yenu, hayo maneno "lisilopitisha maji" yameandikwa wapi?

#23 Fundi Begi
Nimekwenda kuangalia sasa hivi. Kurasa zetu zina majina ya modeli, K3, K4, K4 Plus. Chini kuna vipimo. Maji yametajwa mara moja, kwenye picha.

#24 Msoma Ramani
Kwenye picha! Mkuu, hata watu 900 wakikutaja, Google itapandisha ukurasa gani? Huna ukurasa unaojibu swali hilo. Video zenu zinajibu, tovuti haijibu.

Kama mkataba unakuruhusu kutumia video zao, chukua ile ambayo mtu kamwagia begi maji, iweke kwenye ukurasa wa begi hilo, chini yake andika kwa maneno kilichotokea: maji kiasi gani, muda gani, yaliingia wapi. Kama mkataba haukuruhusu, rudi mezani. Wengi hulipia video kurushwa, wanasahau kulipia haki ya kuitumia.

#25 Kisima Kirefu
Naongeza kwa #24. Mwambie wa YouTube agawe video kwa sura. Muda wa kwanza uanzie 0:00, sura zisipungue tatu, kila moja isiwe chini ya sekunde 10. Ile dakika ya kumwaga maji inaweza kujitokeza yenyewe kwenye matokeo ya Google kama kipande. Mtu anatafuta maji, anatua kwenye maji.

#26 Kalamu Butu
Na ndiyo maana ya ile E iliyoongezwa Desemba 2022 kwenye vigezo vya ubora vya Google, ikawa E-E-A-T (uzoefu, utaalamu, mamlaka, uaminifu). E ya kwanza ni uzoefu. Mtu aliyebeba begi kwenye mvua ana uzoefu, kwa hiyo Google inampa alama za juu. Watengeneza maudhui = alama.

#27 Kumbukumbu
Uzoefu ndiyo, alama hapana. E-E-A-T imo kwenye mwongozo wa watu wanaokagua ubora wa matokeo, na makadirio yao hayapandishi wala kushusha tovuti fulani moja kwa moja. Hakuna namba ya E-E-A-T iliyokaa mahali ikisubiri kuongezwa.

#28 Kalamu Butu
Sawa mwalimu, ila naona bado tunasema kitu kile kile kwa mlango wa nyuma.

#29 Msoma Ramani
Kuna maumivu nataka kuyatoa, yanahusiana ingawa si swali lenyewe. Zamani kidogo nilikuwa kwenye kampuni iliyowapa watengeneza maudhui linki za kamisheni. Tulifurahi, kwa sababu makala zao zilipanda juu. Mmoja, kijana mjanja sana, akatengeneza ukurasa "kuponi ya" halafu jina letu. Mteja ameshachagua bidhaa, ameshajaza kikapu, anafika kwenye malipo anaona kisanduku kimeandikwa "una kuponi?" Anasita. Anafungua dirisha jingine, anatafuta kuponi, anabofya linki ya kijana, hakuna kuponi yoyote ya maana, anarudi kulipa. Kamisheni kwa kijana!

Miezi saba tulikuwa tunamlipa mtu kwa kuwaleta wateja waliokuwa tayari wametoa pochi. Kwenye ripoti ndiye aliyekuwa nyota. Tulimpa hadi cheti. Siku tulipokiondoa kile kisanduku, "mauzo" yake yaliporomoka, ya kwetu hayakutikisika.

Kwa hiyo mtu akiniambia mtengeneza maudhui wake anaonekana juu kwenye Google kwa jina la chapa, swali langu la kwanza ni: alikuta watu njiani au aliwatoa nyumbani kwao?

#30 Bi Kamera
Huyo kijana asituharibie jina wote. Ila kweli wapo.

Kwa upande mwingine, chapa nazo zinaogopa bure sisi tukiwa juu yao. Mtu akitafuta kama begi fulani linafaa, hataki kusikia kutoka kwa mwenye begi. Nikikaa mimi nafasi ya kwanza na nimesema ukweli, na nimetamka wazi kwamba nimelipwa, wewe umepata nini cha kulalamikia?

#31 Msimamo Mkali
Umelipwa halafu unasema ukweli?

#32 Bi Kamera
Kona ya zipu iligoma. Nimesema kabisa. Rudi #8.

#33 Kiti cha Nyuma
Swali la mtu asiyejua. Hizo video fupi na picha za Instagram si haziingii Google kabisa? Kwa hiyo wale watano walikuwa mapambo tu?

#34 Kisima Kirefu
Sio kabisa. Tangu Julai 2025 Instagram imeruhusu picha na video za hadharani za akaunti za kikazi, za watu wenye miaka 18 na kuendelea, zionekane kwenye injini za utafutaji. Mwenye akaunti anaweza kuzima. Kwa hiyo kapsheni ya "🔥🔥 jamani hiki kitu" sasa ni hasara mara mbili. Ila stori zinazofutika baada ya saa 24 usizitegemee kwa utafutaji.

Halafu wengine hawaanzii Google hata kidogo. Wanatafuta humo humo TikTok na YouTube. Umepima Google peke yake.

#35 Fundi Begi
Siku mbili nilikuwa kimya, nilikuwa nachimba. Nimerudi na matokeo, mengine ya aibu.

Dada Takwimu, ndiyo, tulikuwa tunalipia jina letu. Mibofyo ya bure ya jina imepanda sana, na ni kama ulivyotabiri, siwezi kuitenganisha na tangazo lililoondoka. Lakini mara za kuonekana kwa "mabegi ya Mlango" nazo zimepanda kuliko mwaka jana, kidogo. Kidogo, lakini zimepanda.

Kisima Kirefu, manukuu ya YouTube: video moja inatuita sawa, moja inatuita "malango", moja inatuita "Bi Lango".

Sasa aibu yenyewe. Linki tuliyowapa wote tisa ilikwenda kwenye ukurasa wa kampeni. Kampeni ilipoisha baada ya miezi miwili, kijana wa tovuti akaufuta ukurasa, akidhani anafanya usafi. Kwa miezi miwili kila aliyebofya alikutana na 404, yaani ukurasa haupo. Hata ile linki moja ya blogu.

#36 Mzee wa Linki
SI NILISEMA LINKI.

#37 Dada Takwimu
Ulisema aongeze za kulipia bila alama, mzee. Hii ni habari nyingine.

#38 Mzee wa Linki
Linki ni linki.

#39 Msoma Ramani
Pole sana. Anwani ya zamani iweke 301 (uelekezaji wa kudumu) kwenda ukurasa wa begi lenyewe. Usiipeleke ukurasa wa mwanzo wa tovuti. Mtu kaja kwa ajili ya begi, unamwacha sebuleni aanze kutafuta. Na safari ijayo mwape anwani ya kudumu tangu mwanzo.

Ila nasisitiza, hata hiyo 404 isingekuwepo, bado huna ukurasa wa maji.

#40 Kisima Kirefu
Na bado unaitwa Mlango.

#41 Msimamo Mkali
Na bado umewakatia hela.

#42 Fundi Begi
301 imewekwa jana jioni. Ukurasa wa maji unaandikwa, na video ya kumwaga maji mwenyewe karuhusu tuitumie, ila kaomba nyongeza kidogo. "Bi Lango" nimemwandikia arekebishe manukuu. Bosi kanipa miezi mitatu.

#43 Dada Takwimu
Mkuu, umebadilisha vitu vitatu ndani ya wiki moja. Mkipanda utajuaje kipi kimefanya kazi?

#44 Fundi Begi
Sitajua. Nikipanda nitafurahi bila kujua.

#45 Bi Kamera
Mmenitia wasiwasi, nimekwenda kukagua video zangu za zamani. Katika linki 20 za wateja wangu wa nyuma, 11 zimekufa. Video bado zinatazamwa kila siku, watu wanabofya kaburi. Hivi niwaambie wenye chapa au ninyamaze?

#46 Kiti cha Nyuma
Waambie, na uambatanishe ankara ya marekebisho.

#47 Bi Kamera
Hili nalo wazo. Mwenye mfano wa barua ya namna hiyo aniwekee hapa.